Mti Uliofanana na Ufagio

Bwenini,
Jumapili, 3 Februari

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi ikukute unaendelea kupona. Mimi sijambo, isipokuwa mafua ya vumbi la maktaba, ambayo hapa hayahesabiwi kuwa ugonjwa.

Usishangae kukuta barua ndani ya kitabu cha jiografia kisicho na jalada. Nimekuwa kiranja wa maktaba. Hakuna mwingine aliyegombea, kwa hiyo nilishinda kwa kishindo. Kazi yangu mojawapo ni kukusanya vitabu vilivyochanika, kuvipanga kwenye sanduku na kumkabidhi dereva wa lori la shule. Yeye huvipeleka kwa fundi wa kujalidi vitabu hapo nyuma ya mtaa wetu, yule tunayemwita Mzee Gundi. Barua zinazopita posta hufunguliwa na mwalimu wa nidhamu. Huzisoma zote, na nyingine huzisahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini sanduku la vitabu vibovu halipekuliwi na mtu. Nimemwomba dereva amwambie Mzee Gundi akuite.

Sasa neno lenyewe. Mama alikuja siku ya kutembelewa, mikono yake bado inanuka dawa ya kufulia mashuka ya hospitali. Nilimwuliza habari zako mara tatu, na mara tatu akaniuliza kama ninakula. Mwishowe akasema, "Kaka yako haendi tena karakana. Ana marafiki wapya." Alilisema neno "marafiki" kama mtu anayetema mbegu.

Ni kweli, Kaka? Niambie wewe mwenyewe. Unajua sina mdomo. Siri zangu huziweka kwenye vitabu ambavyo hakuna anayeviazima.

Nimekuchorea mti wetu hapo chini, ule wa kwenye geti la kiwanda cha barafu tulipokuwa tukicheza, ili ujue barua ni yangu kweli.

Mdogo wako,
Mchwa


Nyumbani,
Alhamisi, 14 Februari

Mdogo wangu Mchwa,

Marahaba. Mimi mzima, Mama mzima, na jogoo wa jirani mzima pia, kwa bahati mbaya. Pole kwa mafua.

Mzee Gundi aliniita kwa sauti ya mtu aliyeona moto: "Wewe! Kitabu chako cha jiografia kiko hapa!" Mtaa mzima ukacheka, maana wanatujua, mimi na jiografia. Na mti wako bado ni ufagio uliosimamishwa. Tangu ulipouchora ukutani kwa mkaa tukachapwa wote wawili, haujaota hata jani moja.

Ndiyo, ni kweli. Kaa nikueleze, maana ukisikia kwa watu utasikia vibaya.

Mwezi wa kumi na moja mtungi wa gesi ulipotea karakana. Tajiri, mwenye karakana, hakuuliza mtu. Alininyooshea kidole: "Huyu ndiye anayeshika funguo." Miaka minne nimemchomelea mageti, sijachelewa hata siku ya mvua. Nikakaa mahabusu siku tano. Siku ya sita mtungi ukaonekana kwa mpwa wake Tajiri, chini ya kitanda, nikaachiliwa. Nilikwenda moja kwa moja karakana na nguo zile zile, nikamkuta mtu mwingine amevaa aproni yangu. Tajiri akasema, "Kijana, mambo yameshapita." Basi. Samahani hakusema. Hata pole hakusema, neno ambalo watu humwambia hata aliyejikwaa.

Na mtaani? Jirani yetu muuza mkaa aliponiona nakuja aliingiza beseni zake ndani, moja moja, mimi nimesimama natazama. Jina langu sasa limo kwenye daftari la askari, kwa hiyo kuku wa mtu akipotea msako huanzia kwetu.

Walionisubiri nje ya kituo siku ile walikuwa vijana wa Kambi ya Barafu, genge la kwenye kile kiwanda kilichofungwa. Unawajua kwa sifa. Mkubwa wao, Meno, alinipa mkono akasema, "Karibu, Fundi." Mchwa, karakana nimefanya kazi miaka minne nikiitwa "wewe kijana". Kambini nimeitwa Fundi siku ya kwanza.

Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine. Usimwambie mtu, hata Mama.

Kaka yako


Bwenini,
Jumapili, 3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Mimi nimepona mafua.

Barua yako nimeisoma mara nne, nyuma ya rafu ya jiografia, ambako hakuna anayefika isipokuwa kwa kupotea. Nililia kidogo. Kisha nilikasirika, halafu nikakumbuka kwamba sijui namna ya kumkasirikia mtu mwenye mtungi wa gesi na mpwa. Toka huko, Kaka. Mimi nakuita Kaka tangu sijaota meno, na cheo hicho hakihitaji kambi.

Nina jambo la kukuomba. Kuna mashindano ya insha ya wilaya nzima. Mada ni hii: "Kwa nini vijana hujiunga na magenge, na jamii ifanye nini?" Mshindi ataisoma mbele ya Ofisa wa Vijana. Mwalimu wa Kiswahili anasema Ofisa ameahidi kwamba insha itakayoshinda ndiyo itakayoongoza ujenzi wa karakana ya vijana. Wenzangu wote wataanza na "ukosefu wa malezi bora". Mimi nataka kuandika ukweli, na ukweli ninaoujua ni wako. Nitafunika majina yote na mahali. Naapa kwa kamusi.

Niambie: huko mnafanya nini? Na wewe ungetaka jamii ifanye nini?

Mdogo wako,
Mchwa


Nyumbani,
Jumamosi, 16 Machi

Mchwa,

Marahaba. Tuko salama. Mama anakohoa kidogo, ila ukimwambia apumzike anakohoa zaidi.

Nilitaka kukataa. Kisha nikaona kama kuna mtu wa kuliandika jambo hili bila kunigeuza shetani, ni wewe. Kwa hiyo andika, lakini funika kama ulivyoapa.

Tunakaa kwenye chumba cha barafu, ule mlango mzito uliokuwa ukituogopesha tukiwa wadogo. Kila Jumatano saa kumi wote lazima tuwepo. Tunapika sufuria moja. Anayeumwa anatembelewa. Nilipoumwa na jino, Meno ndiye aliyenipeleka kung'olewa, akanishika mkono, na yeye ndiye aliyezirai.

Lakini sitakuficha. Hatukai kule kusoma mashairi. Wiki iliyopita niliwekwa mwanzo wa kichochoro, kazi yangu kupiga mluzi mtu akija. Nikapiga, na wenzangu wakamnyang'anya msichana mmoja simu. Alikuwa amevaa sweta kama la shule yenu. Hakupiga kelele, alisema tu, "Jamani." Mluzi wangu wa siku ile naujutia, na neno lake bado nalisikia.

Kuhusu jamii ifanye nini, nilicheka peke yangu hadi Mzee Gundi akaniuliza nimekula nini. Waseme samahani pale walipokosea. Andika hivyo tuone kama utashinda.

Na huyu mzee ameanza visa. Nilikuwa nasubiri kitabu chako, akasema, "Unasimama bure kama bango? Shika brashi." Nikashika. Jiografia yenu nimeijalidi mimi, jalada likaingia kichwa chini. Mwambie mwalimu dunia imepinduka, si kosa la fundi.

Kaka yako


Bwenini,
Jumapili, 5 Mei

Kaka,

Shikamoo. Habari za tangu likizo? Tulikuwa nyumba moja wiki tatu, na nadhani hatukuongea hata ukurasa mmoja. Mama alikuwa katikati yetu daima, nami unajua mimi hunyooka nikiwa kwenye karatasi tu.

Insha nimeipeleka. Ya kwanza mwalimu aliirudisha na maneno haya: "Ina moyo, lakini haina ushahidi." Nikaongeza ushahidi. Nimeandika habari za mtungi, aproni na beseni za jirani. Majina hamna. Kuhusu mahali nimesema tu "jengo la zamani".

Jiografia yako imependwa. Wavulana wa kidato cha pili wanaisoma wakisimama kwa mikono.

Je, bado unakwenda kwa Mzee Gundi? Sema ndiyo.

Mdogo wako,
Mchwa


Kwa Mzee Gundi,
Jumamosi, 8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, nakuitikia kabla hujaniamkia, maana leo nina furaha na furaha haina subira. Hatujambo. Kikohozi cha Mama kimekwisha.

Ndiyo. Tena zaidi ya ndiyo. Mzee Gundi amenichukua rasmi, naanza Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Mama amenishonea aproni kwa shuka kuukuu la hospitali. Kifuani imeandikwa MALI YA HOSPITALI, mtu akinishambulia atashtakiwa na wizara. Mzee ameshaipigilia msumari wake ukutani.

Kambini nitakwenda Jumatano hii, kuaga. Usishtuke. Desturi yao ni kwamba anayetoweka kimya ni msaliti, na msaliti hutafutwa. Anayesimama mbele ya wote akaaga, huyo ni ndugu aliyehama, hasumbuliwi tena. Kwa hiyo nitasimama juu ya kreti, nitasema maneno yangu matatu, nitatoka kwa mlango wa mbele. Kipande, mwenzangu wa kambini, naye anatoka. Ameshapata kazi kwenye ghala la mbao la mjomba wake, ng'ambo ya reli, ila hataki mtu ajue alipo.

Barua hii naitia chini ya jalada la kitabu chenu cha uraia. Sasa kinaingia kwenye kibanio, na Mzee haruhusu kitabu kitoke kabla gundi haijakauka sawasawa. Utaisoma nikiwa tayari mtu mwingine. Usimwambie mtu bado.

Nimekuwa nikijiuliza nani alinitoa. Si mahubiri. Nadhani ni lile sanduku lako la vitabu vibovu.

Kaka yako,
Fundi (wa kweli sasa)


Bwenini,
Jumatatu, 10 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo! Uko salama? Mimi sina hakika kama niko salama, sijalala tangu juzi.

Tumeshinda! Nasema tumeshinda kwa sababu insha ni yako, mimi nimeweka nukta tu. Niliisoma ukumbini mbele ya watu mia tatu. Nilipofika pale Tajiri anaposema "mambo yameshapita", mama mmoja wa mstari wa mbele alivua miwani akafuta macho. Wakapiga makofi, Kaka, wamesimama! Wamenipa kamusi kubwa, nzito kama mtoto wa miezi sita.

Ngoja, bado. Leo Ofisa mwenyewe amekuja shuleni, akaniita ofisini kwa mkuu wa shule. Nikapewa chai. Akasema, "Binti yangu, umetufumbua macho. Jengo hilo lipo kweli?" Nilinyamaza. Akasema, "Tunataka kuligeuza liwe karakana. Mashine za kuchomelea, walimu, aproni kwa kila kijana. Lakini siwezi kupeleka wapimaji mahali nisipopajua." Alisema polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. Akanipa karatasi na penseli, nikamchorea ramani: reli, soko, geti. Akasema ni vizuri wafike vijana wakiwepo, wawaulize wenyewe wanataka nini. "Huwapo lini?" Nikamwambia.

Jina lako sikutaja, wala la mtu yeyote. Kaka, watakuja kuwauliza! Mtu wa serikali atakaa juu ya kreti kama nyinyi na kusikiliza. Ukimwona mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, ndiye. Mpokee vizuri, na umwambie lile neno lako la samahani.

Dereva atakuja mjini Ijumaa, barua hii nimemtilia mfukoni.

Mdogo wako mshindi,
Mchwa


Bwenini,
Jumapili, 23 Juni

Kaka,

Shikamoo. Uko wapi?

Dereva amenirudishia barua yangu ikiwa haijafunguliwa. Mzee Gundi alimwambia, "Huyo hayupo," akageuka kuendelea na kazi. Lakini sanduku limerudi, na chini ya jalada la kitabu cha uraia nimeikuta barua yako ya tarehe nane. Nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa sakafuni.

Jumatano, Kaka. Ni Jumatano ile ile niliyomtajia Ofisa.

Hii naipeleka posta, nyumbani. Mwalimu wa nidhamu asome atakavyo. Niandikie neno moja tu, hata kama ni tusi.

Mdogo wako


Mahabusu, chumba cha nne,
Jumatatu, 1 Julai

Kwa Kiranja wa Maktaba,

Barua hii itasomwa kwanza na askari wa hapa, kisha na mwalimu wako mwenye kalamu nyekundu. Wasome. Sina siri tena.

Siku ile nilisimama juu ya kreti kama nilivyopanga. Nilikuwa nimesema "Ndugu zangu" tu, mlango ukafunguka. Yalikuja malori matatu ya askari. Tulilazwa chini, mikono kichwani. Mkubwa wao alikuwa na karatasi, na alipotaka kufunga pingu akaiweka juu ya kreti lile lile nililokuwa nimesimama. Ilikuwa karibu na uso wangu. Nikaona reli. Nikaona soko na geti. Pembeni mwa geti kulikuwa na ufagio umesimamishwa.

Hapakuwa na jina. Halikuhitajika.

Askari mmoja akaninusa vidole. "Huyu anavuta gundi. Andika." Nikamwambia mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Kwa hiyo katika mashtaka yangu hilo nalo limo.

Tulipopitishwa mtaani watu walijipanga kando ya barabara wakapiga makofi. Muuza mkaa naye alipiga. Mama alikuwa anatoka kazini na mzigo wa mashuka kichwani. Hakupiga makofi, hakulia. Aliutua mzigo chini, kwenye vumbi, yeye ambaye hajawahi kuweka shuka safi chini tangu nimjue. Ndani ya gari moja nilimwona pia mtu wa shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na kioo kimefungwa.

Tajiri alininyooshea kidole, lakini Tajiri hakuwa ananijua. Wewe unanijua. Wewe nilikueleza kwa mkono wangu, ukurasa kwa ukurasa, saa na siku. Nilikuita Mchwa kwa utani. Sikuwahi kufikiri mchwa hula nyumba ya nani.

Kesi ni Jumanne tarehe ishirini na tatu. Usije na kamusi.

Mimi


Bwenini,
Jumapili, 7 Julai

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kuuliza hali yako, lakini nauliza.

Barua hii haipiti kwa mtu. Nimempa Mama mkononi, ataishonea kwenye pindo la shati lako safi. Ukitaka kujibu, utatia pale pale kwenye shati chafu.

Nimekutilia barua yangu ya tarehe kumi, ile iliyorudi. Isome uone nilivyokuwa na furaha siku ninakuuza. Sikujua ninakuuza, lakini hilo halikufungui pingu. Nimefikiri sana kwa nini nilichora. Ningependa kusema nilidanganywa kwa sababu mimi ni mtoto. Si kweli, maana nilipoulizwa mara ya kwanza nilinyamaza, na aliyenyamaza alikuwa anajua. Nilichora kwa sababu nilisifiwa. Kikombe kilikuwa na kisahani, Kaka. Mimi sijawahi kupewa chai yenye kisahani.

Nilimwomba mwalimu ampigie Ofisa simu amkumbushe karakana. Akapiga. Akarudi akasema, "Iko kwenye mpango." Nikamwambia kaka yangu yuko mahabusu kwa sababu ya ramani yangu. Akaniwekea mkono begani akasema nimefanya jambo la kizalendo. Insha yangu ilikuwa imebandikwa ubaoni, na nyota ya dhahabu. Niliing'oa. Nikaadhibiwa kusugua korido, na ilikuwa siku nzuri kuliko zote za wiki ile.

Sasa sikiliza. Ile barua yako ya tarehe nane ninayo. Imeandikwa kabla ya msako, imetaja tarehe, imetaja Mzee Gundi na brashi na kwamba ulikuwa unakwenda kuaga. Mama anasema hakimu akiisoma anaweza kukuachia. Nimepewa ruhusa ya kuja siku ya kesi. Habari ya Kipande nitaifunika kwa wino.

Lakini sitaitoa bila neno lako. Safari hii nauliza kwanza.

Mdogo wako


Mahabusu,
Alhamisi, 18 Julai

Usitoe.

Kipande ndiye pekee aliyetoka kwa mlango wa nyuma siku ile. Bado wanamtafuta. Jina lake na ghala alipo vimo kwenye barua ile. Na usiniambie utafunika. Uliniambia hivyo mwezi wa tatu.


Nyumbani,
Jumapili, 28 Julai

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu. Mimi nipo.

Ulikuwepo mahakamani kuliko mimi, lakini ulikuwa mbele na sisi nyuma yako, kwa hiyo nitakueleza usichokiona. Barua ilikuwa ndani ya soksi yangu ya kushoto. Niliichukua kwa sababu niliogopa kuiacha popote. Hakimu aliposema, "Kuna wa kumsemea huyu?" Mzee Gundi alisimama kabla ya swali kwisha. Ulimsikia, kila mtu alimsikia, maana yeye huongea na watu kama wako ng'ambo ya mto.

"Una hati yoyote kwamba alikuwa mwanafunzi wako wa kazi?"

"Hati? Mimi hujalidi hati za watu, mheshimiwa. Zangu sina!"

Watu wakacheka. Wewe hukugeuka. Mzee akaonyesha vidole vyake, vimeganda gundi kama vyako, akasema, "Basi nami nifungeni, navuta tangu kabla hamjazaliwa." Wakacheka tena, akaambiwa akae.

Hakimu akauliza mara ya pili. "Kuna mwingine?"

Mama alinitazama. Yeye alijua barua iko wapi, aliniona ninaitia asubuhi. Sijawahi kutazamwa na Mama namna ile. Mguu wa kushoto ukawa wa moto. Nilishika benchi kwa mikono miwili nikakaa. Hakimu akafunga jalada, akasema mwaka mmoja na nusu.

Ulipokuwa unatolewa ulimtazama Mama. Mimi macho yako yaliniruka, kama mtu anayetafuta kitabu akaipita rafu isiyo nacho. Nilistahili. Ila nilitaka ujue kwamba sikuitoa.

Tuliporudi nyumbani niliichoma kwenye jiko la Mama. Alisimama mlangoni akaiona inaungua hadi mwisho, kisha akachukua ufagio akafagia majivu. Hatujaongea tangu siku ile, isipokuwa "kula" na "nimekula". Barua naikumbuka yote, neno kwa neno, lakini sitaiandika tena popote, wala sitaisema.

Nilipita kiwandani. Mlango una kufuli jipya. Kwenye ule mti wamepigilia ubao: USIINGIE. Sikuona mashine wala aproni, wala mtu wa kupima majengo. Nilisimama nikautazama mti muda mrefu. Kaka, haufanani na ufagio. Matawi yake yametanda hadi ndani ya ukuta, na yana majani mengi. Miaka yote nilikuwa nauchora bila kuutazama.

Ukiranja nimeurudisha. Kamusi niliipeleka kwa Mzee Gundi, anaitumia kukandamizia vitabu vinavyokauka. Aproni yako iko kwenye msumari wake. Mteja mmoja aliuliza kama anaweza kumleta mwanawe avae hiyo. Mzee akamwambia, "Hiyo ina mwenyewe. Huyo wako atashonewa yake."

Uliniandikia kwamba walipokukosea hakuna aliyesema samahani. Na mimi barua mbili zimepita sijalisema, nimekuwa nikieleza tu. Samahani, Kaka. Sikuombi ujibu hilo.

Hapa chini, mahali pa sahihi, nimepaacha wazi. Sijui kama bado naruhusiwa kuandika "mdogo wako", na lile jina la utani nimeliacha. Mama ataitia hii kwenye pindo la shati pamoja na karatasi tupu na penseli fupi. Si lazima uandike barua. Kuna neno moja ulilokuwa ukianza nalo, na tangu mwezi wa sita sijalipata. Hilo likija peke yake, bila jingine, litanitosha.

Shikamoo, Kaka.